Mkutubi wa shule sio mshika funguo tu

Walimu wenzangu hili naliongea toka moyoni, maana nimefundisha historia miaka mingi nikiamini kazi ya mkutubi ni kufungua mlango, kugonga mhuri na kudai vitabu. Sio kweli kabisa. Mkutubi aliyesomea, mfano pale Bagamoyo kwenye chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba, amefundishwa kutafuta taarifa na kuzipanga, na hapo ndo wanafunzi wetu wengi wanapokwama.

Halafu kuna hii dhana kwamba ukimwambia mtoto "nenda maktaba kasome Maji Maji" basi umeshirikiana na mkutubi. Umemtupia mzigo tu. Mtoto anafika, anashika kitabu cha kwanza anachokiona, ananakili ukurasa mzima anakuletea na wewe unampa vema.

Ushirikiano unaanza kabla ya kipindi. Mpelekee azimio la kazi wiki mbili tatu mapema, mwambie mada ni hiyo Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907 na unataka watoto waeleze kwa nini watu wa kusini waliungana dhidi ya Wajerumani, yeye atachambua vitabu na ramani zilizopo na atakwambia mapema kama nakala ni nne na darasa lina watu sitini ili mpange zamu. Siku yenyewe yeye anawafundisha kutumia faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa mwishoni mwa kitabu, mtoto aende moja kwa moja kwenye Kinjikitile, yule mganga aliyehamasisha vita hivyo, au Ngarambe, kijiji alikokuwa, aandike kwa maneno yake na ataje alikotoa, wewe unabaki na hoja za somo. Hata kusahihisha gawaneni, wewe hoja yeye vyanzo.

Wanaosema intaneti imemaliza kazi ya mkutubi, hapana, mtoto akipata majibu elfu kwenye simu ndo anahitaji zaidi mtu wa kumfundisha lipi la kuamini. Na maktaba sio ya somo la lugha tu, biolojia na jiografia nazo zinahitaji kusoma.

"Shule yetu haina mkutubi." Hili ni kweli shule nyingi, maktaba anapewa mwalimu juu ya vipindi vyake vyote, sasa funguo ziko mfukoni na yeye yuko darasani, atashirikiana na nani saa ngapi? Wakuu wa shule naombeni mumpunguzie vipindi, na ratiba ya maktaba ibandikwe pamoja na ya masomo.