Alama za mitihani ya Kiingereza kwa ajili ya udahili: 6.5 maana yake nini?

Mtu aliyezoea mitihani ya shule akipokea matokeo ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, yanayosema 6.5, mara nyingi huanza kwa kugawanya: 6.5 kwa 9 ni kama asilimia 72, kwa hiyo nimefaulu, tena si vibaya. Hesabu yenyewe haina kosa, ila jibu lake halimwambii kitu, kwa sababu 9 si jumla ya maksi zilizokuwa zikigombewa. Ni jina la ngazi ya juu kabisa kwenye kipimo, kama vile ghorofa ya tisa ilivyo jina la mahali na si idadi ya vyumba. Aliyepata 6.5 hakukosa asilimia 28 ya kitu chochote. Tena hakufaulu wala hakufeli, kwa kuwa wenye mtihani huo hawakuweka alama ya kufaulu. Wao husema tu mtahiniwa amesimama wapi, na kazi ya kuamua kama pale aliposimama panatosha huachiwa chuo kikuu; na ndani ya chuo hichohicho kitivo kimoja kinaweza kudai 7.5 huku kingine kikiridhika na 6.5.

Kipimo cha alama, basi, ni mstari uliopangwa na watunzi wa mtihani, wenye mwanzo wake, mwisho wake na hatua zake. IELTS huanzia 0 hadi 9 na kupanda kwa nusu nusu, na ngazi zake huitwa bendi (neno lisilo na uhusiano wowote na muziki). Katika mitihani mingine ya aina hiyo, PTE Academic huanzia 10 hadi 90. Duolingo English Test huanzia 10 hadi 160 na kupanda kwa tano tano. Mitihani ya Cambridge hutumia mstari mmoja mrefu wa 80 hadi 230, ambao kila mtihani hukalia kipande chake. Hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya Kiingereza kizuri kiwe 9 hapa na 160 kule. Namba zimechaguliwa tu. Kwa maoni yangu ni heri zikiwa za ajabu ajabu, maana 80 hadi 230 haimshawishi mtu kuisoma kama asilimia, ilhali 65 ya PTE humdanganya kila anayeiona kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya alama inayochapishwa kuna alama nyingine ambayo mtahiniwa haoneshwi, nayo ni alama ghafi, yaani idadi ya majibu aliyoyapata. Sehemu ya kusikiliza ya IELTS ina maswali 40, kila jibu sahihi lina maksi moja, na jibu baya halipunguzi kitu. Kwa kawaida majibu 23 sahihi humweka mtu kwenye bendi ya 6, majibu 30 kwenye bendi ya 7, na majibu 35 kwenye bendi ya 8. Msomaji makini ataona kwamba kutoka 6 kwenda 7 pana maswali saba, na kutoka 7 kwenda 8 pana matano tu. Ngazi hazina kimo sawa, na ndiyo maana kugawanya kwa 9 hakufai. Jambo hilohilo huonekana wazi zaidi katika sehemu ya kusoma, ambayo ina matoleo mawili. Anayejibu maswali 30 kati ya 40 katika toleo la kitaaluma, lile linalotumika kwa vyuo vikuu, hupata 7. Anayejibu maswali 30 katika toleo la jumla, ambalo vifungu vyake ni vyepesi zaidi, hupata 6. Maksi ni zilezile, bendi ni tofauti, kwa sababu kinachopimwa ni uwezo na si wingi wa vema kwenye karatasi.

Nimesema "kwa kawaida" kwa makusudi. Mtihani hutungwa upya mara nyingi kwa mwaka, na hakuna mtunzi awezaye kuhakikisha kwamba karatasi ya mwezi huu ina ugumu uleule wa karatasi ya mwezi uliopita. Kazi ya kuzisawazisha hufanyika wakati wa kugeuza alama ghafi kuwa alama za kipimo: karatasi ikithibitika kuwa ngumu kidogo, majibu 29 yanaweza kufikisha mtu pale ambapo karatasi nyepesi ingemtaka apate 30. Bila usawazishaji huo, bahati ya kupangiwa tarehe nzuri ingekuwa sehemu ya alama. Hii pia ndiyo sababu ya watahiniwa wanaotoka chumbani wakilalamika kwamba mtihani wa leo ulikuwa mgumu kupindukia, kisha wakapata alama zilezile walizozipata wenzao waliofanya mtihani mwepesi.

Kuandika na kuzungumza ni habari nyingine, kwa kuwa humo hamna majibu ya kuhesabu. Katika IELTS mtahini hulinganisha kazi ya mtahiniwa na maelezo yaliyoandikwa kwa kila bendi, akitazama mambo manne yenye uzito sawa. Kwa insha anatazama kama swali limejibiwa, kama hoja zinafuatana, upana wa msamiati, na sarufi. Kwa mazungumzo anatazama ufasaha wa mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Kwa hiyo swali la "nilikosea maneno mangapi hadi nikapewa 6" halina jibu. Inafaa pia kujua kwamba sehemu ya kuandika ina kazi mbili, na insha ambayo ndiyo ya pili ina uzito maradufu wa ile ya kwanza, hivyo mtu anayetumia nusu ya saa kupamba maelezo ya jedwali na kubakiwa na dakika chache za insha anajinyima alama kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tuitazame hesabu ya alama ya jumla kwa karibu. Mtahiniwa wa kwanza amepata 6.5 katika kusikiliza, 6.5 katika kusoma, 5.5 katika kuandika na 6.0 katika kuzungumza. Jumla ni 24.5, wastani ni 6.125, na kwa kuwa wastani hukadiriwa kwenda kwenye nusu iliyo karibu, alama yake ya jumla ni 6.0. Mtahiniwa wa pili amelingana naye katika kila kitu isipokuwa kusikiliza, ambako amepata 7.0. Jumla yake ni 25, wastani ni 6.25, na kanuni ya IELTS inasema robo hupandishwa hadi nusu, kama vile robo tatu inavyopandishwa hadi namba nzima inayofuata. Alama yake ya jumla ni 6.5. Tofauti kati ya 6.5 na 7.0 katika kusikiliza inaweza kuwa swali moja, yaani majibu 29 sahihi badala ya 30, na swali hilo moja limemtenganisha mmoja na mwenzake kwa nusu bendi nzima ya jumla.

Lakini huyo wa pili asishangilie mapema. Masharti ya udahili mara nyingi huandikwa kwa sentensi moja yenye vichwa viwili: alama ya jumla isiyopungua 6.5, na kila sehemu isiyopungua 6.0. Kuandika kwake ni 5.5, basi kwa masharti hayo ombi lake halijatimia, hata kama karatasi yake inasema 6.5 kwa herufi nzito. Kwa jinsi ninavyoona, nusu hii ya pili ya sentensi ndiyo inayosababisha majonzi mengi kuliko ya kwanza, kwa sababu watu huisoma harakaharaka, na kwa sababu kuandika ndiko kunakowalemea wengi. Wastani huficha udhaifu, kiwango cha chini cha kila sehemu huufichua, na chuo kinachodai vyote viwili kina haki, maana mwanafunzi asiyeweza kuandika hataokolewa na masikio mazuri.

TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza unaotumika kwa udahili, kwa muda mrefu ilifuata njia tofauti ya kuhesabu. Mtihani wake wa intaneti ulioanza mwaka 2005 uliipa kila stadi (kusoma, kusikiliza, kuzungumza na kuandika) alama 0 hadi 30, na alama ya jumla haikuwa wastani bali jumla, hivyo ikafika 120. Kabla yake kulikuwa na toleo la kompyuta lenye alama 0 hadi 300, na la karatasi lililoishia 677. Kiwango kilichokuwa 550 kwenye karatasi kiliitwa 213 kwenye kompyuta na 79 au 80 kwenye intaneti. Mwanafunzi hakubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kipimo. Na kimebadilika tena: tangu tarehe 21 Januari 2026 TOEFL iBT, yaani toleo hilo la intaneti, hutoa alama 1 hadi 6 kwa nusu nusu, alama ya jumla ikiwa wastani wa stadi nne, na kwa kipindi cha mpito cha miaka miwili karatasi ya matokeo huonesha pia alama inayolingana nayo kwenye kipimo cha zamani cha 120. Kwa hiyo anayekuta ukurasa wa chuo unaodai 90 na mkononi ana 4.5 asishtuke, aitafute hiyo alama ya pili kwenye karatasi yake.

PTE ina desturi yake pia. Huko swali moja linaweza kulisha stadi mbili, kwa mfano mtahiniwa anaposikiliza mhadhara mfupi na kuuandikia muhtasari, kazi hiyo huhesabiwa katika kusikiliza na katika kuandika, na alama ya jumla haipatikani kwa kutafuta wastani wa alama nne zilizochapishwa. Anayekaa na kikokotoo akishangaa kwa nini hesabu hazilingani hajaibiwa.

Kwa kuwa kila mtihani una mstari wake, kunahitajika mahali pa kukutana, na hapo ndipo zinapoingia zile herufi A1 hadi C2. Huo ni mfumo wa CEFR uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unaoeleza kwa maneno yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha katika kila moja ya ngazi sita. CEFR si mtihani na haitoi vyeti. Ni lugha ya pamoja ya kuzungumzia viwango. Kwa makadirio yanayotumika sana, B2 huangukia IELTS 5.5 hadi 6.5, na C1 huangukia 7.0 hadi 8.0. Kwenye mstari wa Cambridge, B2 ni 160 hadi 179, na C1 ni 180 hadi 199. Na kuna jambo zuri huko, kwamba mtu anayefanya mtihani wa C1 akaishia 170 haondoki mikono mitupu, hupewa cheti kinachosema ameonesha kiwango cha B2. Serikali ya Uingereza nayo hutumia herufi hizi katika masharti ya viza za wanafunzi: kwa masomo ya shahada hutaka B2, ingawa chuo chenyewe kinaweza kudai zaidi ya hapo, na mara nyingi hudai.

Majedwali ya kulinganisha mitihani husaidia, ila yanahitaji uangalifu. Mtu akiona kwamba IELTS 6.5 inalingana na TOEFL 79 hadi 93 kwenye kipimo cha zamani, anaweza kudhani ni kama tepu ya fundi cherehani, upande mmoja inchi na upande mwingine sentimita, kitambaa kikiwa kilekile. Sivyo ilivyo. Inchi na sentimita hupima urefu uleule, lakini mtihani unaomtaka mtu azungumze na mtahini ana kwa ana haupimi kitu kilekile kabisa na mtihani unaomtaka aongee na kipaza sauti kwa sekunde chache. Jedwali husema tu kwamba watu waliopata hiki kwa kawaida walipata na kile. Halimwahidi mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana chuo hutaja alama yake kwa kila mtihani kinachoukubali, na namba iliyotajwa na chuo ndiyo inayofanya kazi, hata kama jedwali la mahali pengine lina huruma zaidi.

Kipimo chochote kina kiwango fulani cha kosa lake. Mtahiniwa yuleyule, mwenye Kiingereza kilekile, akirudia mtihani wiki ijayo anaweza kupata nusu bendi zaidi au pungufu, kwa sababu ya mada iliyotoka, usingizi, au swali lile moja tulilolisema. Watunzi wanalijua hilo na huchapisha makadirio ya kosa hilo. Ofisi za udahili nazo zinalijua, lakini mstari wa kukatia lazima uwekwe mahali fulani, na mtu wa 6.0 anayetakiwa 6.5 hawezi kujitetea kwa takwimu. Anachoweza ni kuangalia kama chuo kinakubali njia nyepesi kuliko kurudia mtihani wote. IELTS, katika baadhi ya vituo, huruhusu kurudia stadi moja tu. TOEFL nayo, kwenye kipimo chake cha zamani cha 120, ilikusanya alama bora ya kila stadi kutoka kwenye mitihani ambayo muda wake ulikuwa haujaisha. Vyuo vingine huzipokea alama za namna hiyo na vingine huzikataa, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Muda wa alama kutumika ni miaka miwili kwa IELTS, TOEFL, PTE na Duolingo, kuanzia siku ya mtihani na si siku matokeo yalipotoka. Vyeti vya Cambridge havina tarehe ya mwisho, ingawa chuo kinaweza kutaka cha karibuni. Miaka hiyo miwili chuo kimoja huihesabu hadi siku ya kutuma maombi, na kingine hadi siku masomo yanapoanza, na kati ya siku hizo mbili inaweza kupita karibu mwaka mzima.