Serengeti Haikuwa Pori Tupu: Dhana Potofu Kuhusu Wanyama na Ukoloni

Dhana: Wazungu waliikuta Serengeti ikiwa pori la wanyama, lisilo na mwenyewe.

Ukweli: Walichokiona ni mahame. Mwaka 1887 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia pamoja na ng'ombe walioshushwa bandari ya Massawa, wakati Waitaliano wakijitanua kule Eritrea. Kufikia 1891 ilikuwa imeshapita Umaasaini, na inakadiriwa ng'ombe tisa kati ya kila kumi walikufa. Nyati na nyumbu wakafa pia. Ndui na njaa vikafuata. Msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892: aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa, na za morani waliotambaa kwa mikono na magoti. Nyama ya punda aliyekufa ilikuwa karamu, na watu walikula ngozi, mifupa, hata pembe za ng'ombe.

Malisho yasiyo na ng'ombe wala mchungaji wa kuyachoma moto yaliota vichaka, na vichaka vikakaribisha mbung'o, inzi wanaowaambukiza ng'ombe ugonjwa. Maeneo mengi yakawa hayafugiki tena, na serikali za kikoloni zikaja kuchora humo mipaka ya mapori ya akiba. Wamaasai waliokuwa wamerudi Serengeti na mifugo yao waliondolewa mwaka 1959, wakahamishiwa Ngorongoro. Naona uchungu kila ninaposoma matangazo ya utalii yanayoisifu nchi hiyo kuwa haijawahi kuguswa na mkono wa binadamu.

Dhana: Ng'ombe wa wafugaji ni adui wa wanyamapori.

Ukweli: Ng'ombe walipochanjwa dhidi ya sotoka kuzunguka Serengeti, ugonjwa ulitoweka hata kwa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Uhamaji mkubwa ambao dunia nzima inakuja kuutazama leo ni matunda, kwa sehemu kubwa, ya chanjo ya ng'ombe.

Dhana: Wenyeji walikuwa wakimaliza wanyama, mkoloni akawaokoa.

Ukweli: Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uwindaji ukawa wa leseni ya kulipia, na mtu aliyetega swala shambani kwake akageuka mhalifu. Mwenye fedha aliendelea kupiga risasi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, na mwanawe Kermit, katika safari yao ya 1909 hadi 1910, waliua wanyama 512 kwa bunduki zao wenyewe.

Dhana: Wafugaji walipopunguziwa mifugo kwa nguvu walinyamaza tu.

Ukweli: Machakos, 1938. Serikali ya Kenya ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi na wanaharibu ardhi, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Serikali ililazimika kuachana na ukamataji huo. Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.