"Wameunganisha" maana yake nini?

Tangu banki za Nairobi zianze kununua za kwetu, hapa Lubumbashi neno hili limekuwa la kila kitu. Kibao kikibadilishwa mlangoni, "wameunganisha". Akija mkurugenzi mpya, "wameunganisha".

Kwa ufupi: kuunganisha mifumo na tamaduni baada ya ununuzi ni kuzifanya kampuni mbili zitumie kumbukumbu moja ya wateja, hesabu moja na utaratibu mmoja wa kuamua mambo.

Sasa, ununuzi wenyewe ni hisa kubadilisha mwenye. Mwishoni mwa 2022 KCB ya Kenya ilinunua asilimia 85 ya TMB, banki iliyozaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2004, na TMB ikabaki na jina lake. Kuungana kwa kampuni ni jambo jingine. Mwaka 2020 Equity, nayo banki ya Kenya, ilinunua hisa nyingi za BCDC, banki ya Kongo, kisha ikaiunganisha na banki yake nyingine ya Kongo, ikapatikana Equity BCDC. Chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, ambamo Kongo imo tangu 2012, kampuni inayomezwa huvunjwa, mali na madeni yake yakahamia kwa iliyoimeza. Hayo humalizwa kwa karatasi na saini. Mifumo haina saini ya kuimaliza.

Wanaonikera zaidi ni watu wa kompyuta wenyewe, wanaosema: "Data tumehamisha, kazi imekwisha." Banki ya TSB ya Uingereza, baada ya kununuliwa na banki ya Sabadell ya Uhispania, ilihamisha data za wateja wake Aprili 2018. Data zilifika salama. Mfumo mpya ndio uliokwama. Wateja kama milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na mwaka 2022 banki ikapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Tena data yenyewe ina asili yake. Mkongomani ana jina, postinomu (jina la pili, la asili) na prenomu (jina la kwanza, kama la ubatizo), tangu Mobutu alipofuta majina ya Kizungu mwaka 1972 (yalirudi baadaye, postinomu ikabaki). Mfumo uliotengenezwa kwingine wenye nafasi mbili tu za jina utaiweka wapi postinomu? Karani mmoja ataibandika kwenye jina, mwingine ataiacha, na mtu mmoja atakuwa wateja wawili. Halafu sisi huku huandika 1.500,00, Nairobi huandika 1,500.00. Kompyuta haijui nani alikusudia nini.

Na utamaduni si karamu ya wafanyakazi kuvaa fulana za rangi moja. Katika ofisi nyingi za kwetu agizo huwa agizo likiandikwa kwenye noti ya serivisi (tangazo rasmi la ofisi), likatiwa saini na kubandikwa ukutani. Mkubwa aliyezoea kuagiza kwa baruapepe ya mistari miwili atadhani wamemgomea, kumbe wanangoja karatasi.

Kwa hiyo ukiona kibao kipya, sema tu wamebadilisha kibao. Hisa zikiuzwa, wamenunua. Kuhusu mifumo, muulize karani wa gisheni (dirisha la kuhudumia wateja) anafungua programu ngapi kabla ya kukutajia salio lako. Zikiwa mbili, bado hawajaunganisha.