Kinachoning'inia kiunoni ndio kitakachokunasa

Watu wakitukuta tunaosha vioo pale Posta, ghorofa ya ishirini na kitu, swali lao huwa moja tu: sasa hiyo kamba ikikatika? Naelewa, hata bi mkubwa wangu huniuliza hivyohivyo, ila kamba ndio kitu cha mwisho kuninyima usingizi. Kamba ya kazi ya milimita 11 yenye kiwango cha Ulaya cha EN 1891 aina A inatakiwa ihimili angalau kilonyutoni 22, na kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo mia hivi, kwa hiyo hapo tunaongelea tani mbili na ushee, na bado tunashuka na kamba mbili, ya kazi na ya bakapu, yaani ya akiba, kila moja na anka yake, sehemu yake ya kufungiwa juu. Kinachonipa presha mimi ni vile vitu vinavyoning'inia kiunoni ambavyo muda huo hakuna anayevitumia. Karabina za ziada, zile pete za kubania zenye mlango, vitanzi, mguu wa pili wa lanyadi, ule mkanda wa kujishikizia mnarani, kamba ya spana. Ndio vinavyonasa, na vikinasa vinanasa sehemu ambayo huioni.

Chukua karabina ya kawaida isiyo na loki. Mlango wake unafungukia ndani, springi laini, kidole kimoja tu kinatosha, na imetengenezwa hivyo makusudi ili uibane kwa mkono mmoja. Sasa karabina haina habari kama anayesukuma mlango ni wewe au ni waya wa ngazi. Kitu chochote chembamba, waya, kamba, mkanda, hata kibanio cha kebo kwenye mnara, kikiugusa mlango kwa pembe yake kinazama ndani na mlango unajifunga nyuma yake, hausikii hata mlio maana upepo unapiga na jua liko utosini na akili iko kwenye kazi. Basi, umeshajifunga kwenye jengo na hujui.

Ukiwa unapanda sio kesi sana, utahisi unavutwa, utageuka, utajitoa. Balaa liko kwenye kushuka, na hapa naomba tuende polepole maana hata mafundi wazoefu wengi hawajawahi kuliwaza hili mpaka mwisho.

Uko kwenye disenda, kile kifaa cha kushukia kwenye kamba, unateremka vizuri tu, karabina ya nyuma ya kiuno inashika braketi ya AC. Uzito wako unaanza kuhama, unatoka kwenye kamba unahamia kwenye kile kitanzi cha kubebea vifaa. Kama macho yako kwenye kioo utaona tu mwendo umepungua, kwa hiyo mkono unafanya ulichozoea, unavuta hendo ya disenda zaidi kidogo. Kamba inapita. Wewe hushuki. Ile kamba inayopita inajilimbikiza juu yako ikiwa imelegea, nusu mita, mita nzima, na wewe sasa umening'inizwa na kitanzi ambacho mtengenezaji amekipa uwezo wa kilo chache tu, za kubebea vifaa, sio za kumbeba mtu mwenye buti na ndoo ya maji. Kikikatika unadondoka ule ulegevu wote kwa mpigo mmoja, tena juu ya kamba ya kazi ambayo haivutiki kama zile za wapanda miamba, kwa hiyo mshtuko unaupokea wewe, mgongo na kiuno. Bakapu, kile kidakio cha kwenye kamba ya pili, ikiwa imekaa juu, usawa wa bega kwenda juu, itakudaka mapema, ndio maana nikimkuta mtu kaiacha bakapu inaburuzika chini ya kiuno nasimamisha kazi hata kama mteja yuko chini anaangalia saa.

Na kama kitanzi kisipokatika? Unabaki umelala upande, disenda huifikii vizuri, na kila ukijitikisa unakaza zaidi. Hiyo nayo sio poa.

Kwa hiyo sheria yangu kwa vijana ni fupi: ukihisi umekwama, acha kuachia kamba. Loki disenda, simama, angalia, halafu panda. Mwili wa binadamu haupendi hili, mwili unataka kwenda chini kwa nguvu ujichomoe. Kuna kijana nilikuwa naye kwenye mnara wa simu upande wa Kigamboni, mimi niko chini na redio, nikamwona amesimama muda mrefu sehemu moja, miguu inatafutatafuta.

"Kaka, nimeganda. Mguu unashuka, mwili haushuki."

"Usishuke tena. Rudi juu hatua moja."

"Juu?"

"Juu ndio. Ukishasimama vizuri angalia kiunoni kushoto, nyuma."

Ilikuwa huku, yaani ndoano, ya lanyadi, ule mguu wa pili aliouacha uning'inie mpaka usawa wa goti. Ilikuwa imeizunguka bolti ya kukanyagia, zile zenye kichwa kipana mwishoni ili mguu usiteleze, na kichwa kilekile kinachouzuia mguu kuteleza ndicho kilichoizuia huku isitoke. Alipopanda hatua moja ikalegea, akaitoa kwa vidole viwili. Alivyofika chini akaniambia alikuwa anajiandaa ajirushe kidogo kwa uzito wake wote, alidhani ni mkanda tu umeshika.

Hiyo lanyadi yenye miguu miwili inahitaji maneno yake, maana watu wakishaambiwa usiuache mguu wa pili uning'inie wanakimbilia suluhisho baya zaidi, wanaubana kwenye pete ya chuma ya hanesi, ile mikanda tunayovaa mwilini, pete ile ya kiunoni. Inaonekana nadhifu kabisa, picha inatoka vizuri, na ni hatari kuliko kuuacha unaning'inia. Sababu ni shokapu. Ile pakiti iliyoshonwa kati ya kifua chako na ile miguu miwili kazi yake ni kuchanika taratibu ukianguka, inaweza kurefuka mpaka mita 1.75, na ikichanika hivyo inahakikisha mwili haupati zaidi ya kilonyutoni 6. Sasa ukianguka mguu mmoja uko kwenye mnara na wa pili uko kwenye pete ya hanesi yako, shokapu inaanza kufunguka, inafika mahali ule mguu wa pili unakaza kati ya mnara na kiuno chako, na hapohapo shokapu inaacha kufanya kazi. Nguvu iliyobaki yote inapita kwenye mkanda mkavu kwenda kwenye nyonga. Umevaa shokapu ya bei mbaya na umeizima mwenyewe kwa karabina moja.

Mahali pake ni kile kishikizi kidogo begani au kifuani, cha plastiki au kitambaa, kinachoachia chenyewe kikivutwa. Wengi wanakiona cha kitoto wanakikata. Kuachia ndio kazi yake, ukinasa kinakuachia, ukianguka kinaiachia shokapu nafasi ya kufunguka. Hanesi yako haina? Nunua, sio bei.

Halafu kuna kunasa kwa aina nyingine, karabina ambayo unaitumia kweli na ina uzito wako, lakini inageuka. Kwenye mgongo wa karabina kuna namba na mishale imechongwa, wengi hawajawahi hata kuzisoma. Zile za kupandia zinatakiwa zifike angalau kilonyutoni 20 kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, ila ikilala ubavu au mlango ukiwa wazi kiwango kinashuka mpaka 7. Yaani theluthi moja, karabina ileile, chuma kilekile. Na kuna hali mbaya zaidi ya hizo ambayo haijachongwa popote, pale pua ya karabina inapokuwa na kile kijino cha kushikia mlango, mkanda unaning'inia kwenye kijino bila kuingia ndani kabisa. Ukitazama kwa haraka imefunga. Ukiivuta kwa mkono inashika. Ukiikalia, inapinda kama waya wa henga. Karabina zenye pua laini isiyo na kijino zimeondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa, na kama una hela ya kubadilisha vitu vichache tu mwaka huu anza na hizo.

Za skrubu nazo zina tabia ya kujifungua. Kamba ikipita juu ya ile skrubu ikiwa inakwenda upande wa kufungua, au mtetemo wa mnara siku ya upepo, inazunguka kidogokidogo. Geuza mlango uangalie nje ya ukuta, skrubu ifunge kwa kwenda chini, na kila ukisimama pitisha kidole. Kwenye sehemu zinazobeba uhai mimi natumia za loki ya otomatiki, mjadala umeisha.

Nguo sasa. Hili la Dar hasa, joto letu linafanya watu wavae fulana pana na kuacha vifungo wazi, halafu getini mlinzi anadai reflekta, unapewa reflekta saizi ya mtu wawili, unaivaa juu ya kila kitu. Pindo la reflekta likiingia kwenye disenda linavutwa pamoja na kamba, disenda inakaba, na wewe hapo huendi juu wala chini huku kitambaa kinakubana kifua. Mtandio, rasta ndefu, kamba ya kitambulisho shingoni, waya wa earphone, vyote njia yao ni hiyohiyo, na nywele ndio mbaya zaidi kwa maumivu. Chomekea. Reflekta iwe ya kubana au ile ya velkro inayoachia, mikanda ya hanesi ipite juu yake.

Ikitokea imeshaingia, dawa ni ileile ya kupanda: funga kifaa cha kupandia juu ya disenda, tia kitanzi cha mguu, simama juu ya mguu, disenda ikikosa uzito kitambaa kinatoka. Kisu kiache mfukoni. Najua kila mtu anataka kukata kale kakitambaa tu, lakini kamba iliyobeba mtu imekaza mpaka inalia, ukiigusa na makali kidogo tu inaachia, tofauti kabisa na kuikata ikiwa imelala chini. Kama lazima ukate basi ukate ukiwa umeshahamia kwenye kamba nyingine, tena mkasi wa ncha butu.

Mikia ya kamba watu huisahau kwa sababu iko chini yao. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo unaichukua kamba iliyoachwa huru unaipeleka nyumba ya tatu. Maghorofa ya Kariakoo ndio kiboko, kila dirisha lina grili, AC, dishi, kamba ya nguo, mkia wa kamba ukishajizungusha hapo, wewe ukishuka mpaka usawa ule unakuta kamba inaondoka pembeni badala ya kwenda chini, na disenda inaanza kukaba kwa pembe ambayo haijaizoea. Na pale nyaya za umeme zinapopita karibu na ukuta ni habari nyingine kabisa, hapo kamba haiachiwi ining'inie hata dakika moja. Mimi naiweka kamba kwenye begi linaloning'inia chini ya hanesi, inatoka kadiri ninavyoshuka, fundo la mwisho limeshafungwa kabla haijaingia kwenye begi. Inachosha, begi zito, sawa.

Kwa nini nalisisitiza kunasa kuliko kuanguka? Kwa sababu aliyenasa anaonekana yuko salama. Hajaanguka, anaongea, anacheka kwa aibu, wenzake chini wanapiga picha. Lakini mtu akining'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu damu inatuama miguuni, anaanza ganzi, kichefuchefu, kizunguzungu, anaweza kuzimia, na hayo ni mambo ya dakika. Zimamoto ni 114 na upige, lakini na foleni ya mjini mpango wa uokoaji hauwezi kuwa hiyo namba. Anka za juu zifungwe kwenye disenda badala ya fundo, ili mtu wa juu akiambiwa "mshushe" amshushe palepale na kamba yake, au amnyanyue kidogo tu ajinasue. Nikifika saiti nauliza swali moja: huyu akinasa sasa hivi, nani anamtoa na kwa kifaa gani? Wakianza kutazamana tunakunja kamba. Na aliyenasa awe anakanyaga kitanzi cha mguu muda wote, asikae tu.

Upangaji wangu kiunoni hauna siri. Vya ziada viko kwenye begi, kiunoni vinabaki vya saa hiyo tu. Karabina zote milango inaangalia mwilini, na za nyuma ambazo sizioni zote ni za loki na zimefungwa loki hata kama hazijashika kitu. Vitanzi nimevikunja visivuke paja. Kabla ya kuvuka ukingo namwambia mwenzangu anizunguke anitazame nikiwa nimechuchumaa, maana vingi vinavyojificha ukisimama vinajitokeza ukikaa mkao wa kwenye kamba.

Karabina iliyowahi kunasa ikapokea uzito vibaya naitoa kazini siku hiyohiyo. Angalia mlango kama unarudi wenyewe mpaka mwisho, angalia pua kama imekaa sawa na mlango, pitisha kucha kwenye mgongo. Ukiona mashaka hata kidogo usiitupe nzima, ikate vipande viwili kwa grainda, kwa sababu hapa mjini ukiitupa nzima ndani ya mwezi itakuwa imepigwa msasa, imetundikwa kwenye meza ya vyuma chakavu, na kuna dogo anaanza kazi ya minara anauliza bei.