Kwa nini watoto wengi huachishwa ziwa mapema: dhana na ukweli

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Wengi huishia njiani, na mara nyingi kinachowakatisha ni maneno ya watu.

"Maziwa yangu hayatoshi."
Hii ndiyo inayoharibu zaidi. Mtoto wa wiki 3 au 6 hupitia siku za kutaka ziwa kila saa. Watu wanasema hashibi, anaanzishiwa uji mwepesi au maziwa ya kopo. Lakini matiti hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akishiba chupa, titi analinyonya kidogo tu, na maziwa yanapungua kweli! Angalia nepi kuliko kilio: kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

"Chuchu kuchanika ni kawaida, vumilia."
Hapana, mara nyingi mtoto ameshika ncha tu. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, subiri apanue mdomo kabisa, ndipo umsogeze: kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje.

"Mama akikutana na mumewe au akishika mimba, atambemenda mtoto, yaani atamdhoofisha."
Tendo la ndoa haligusi maziwa. Mimba huweza kuyapunguza na kubadili ladha yake, ila haiyafanyi kuwa sumu. Anayedhoofu mara nyingi ni yule aliyeachishwa ghafla kwa hofu hiyo, akabaki na uji mtupu. Mjamzito aliyewahi kujifungua kabla ya wakati azungumze na mkunga. Wengine waendelee kunyonyesha.

"Maziwa yaliyokaa kifuani tangu asubuhi yamechacha."
Hayachachi. Tatizo la mama anayeshinda kazini ni jingine: titi likikaa limejaa kwa saa nyingi, utengenezaji hupungua. Kamua kila baada ya saa 3, weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Hukaa saa 4 katika chumba kisicho na joto kali, na siku 4 ndani ya friji. Tanzania Bara, sheria ya ajira inampa mama likizo ya siku 84 (100 kwa mapacha), na akirudi ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ziombe kwa maandishi. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea.

"Mwenye VVU asinyonyeshe."
Akimeza ARV kila siku, anashauriwa kunyonyesha angalau miezi 12 na anaweza kufika 24 au zaidi, huku mtoto akipewa dawa zake za kinga. Hatari huongezeka anaporuka dozi, au anapomchanganyia mtoto vyakula kabla ya miezi 6.