Retrotransposoni za hamira si takataka

Kwa miaka mingi retrotransposoni, vipande vya DNA vinavyojinakili kupitia RNA na kujipachika kwingine, zimeitwa takataka za DNA: zimelala tu, hazigusi chochote. Kwa hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, dai hilo halisimami.

Ndani ya Ty1, retrotransposoni ya hamira yenye herufi za DNA 5,900 hivi, kuna mahali ambapo protini Ste12 na Tec1 hushika na kuwasha unakili wa DNA kuwa RNA. Athari yake huvuka mpaka wa Ty1 na kufikia jeni jirani. Jeni ADH2 kwa kawaida huzimwa na glukosi. Ty1 ikijipachika kwenye promota yake, yaani sehemu ya DNA inayoanzisha unakili wa jeni, ADH2 hubaki imewaka hata glukosi ikiwa tele. Lakini seli ya diploidi (yenye seti mbili za kromosomu) iliyo na aina zote mbili za kujamiiana, a na α, huinyamazisha Tec1, na ADH2 nayo hushuka. Basi kabla ya kupima jeni iliyo jirani na Ty1, hakiki kwanza kama seli zako ni haploidi (zenye seti moja ya kromosomu) au diploidi. Ukizichanganya, utalaumu jeni isiyo na kosa.

Wala ujirani huu hauwashi kila mara. Kipande kinachojirudia kwenye kila ncha ya Ty, kiitwacho delta, kikibaki peke yake kwenye promota ya HIS4, jeni ya kutengeneza histidini, unakili huanzia ndani yake, RNA inayotoka haifai, na seli haikui bila kuongezewa histidini. Ukiiharibu jeni nyingine, SPT3, unakili hurudi kwenye mwanzo halisi wa HIS4.