Kashata kubwa si dawa ya kila barabara

Kijiweni Tanga utaambiwa: funga pikipiki yako tairi la kashata kubwa, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza juu ya tairi, linashika popote. Kwenye changarawe ya kupanda milimani ni kweli, kashata huchimba na kung'ang'ania. Lakini kutoka mjini hadi Muheza ni lami, na lami haichimbiki. Huko kinachoshika ni mpira kugusa barabara, na mianya mipana kati ya kashata hupunguza mguso huo. Breki za ghafla kwenye lami iliyolowa, pikipiki huchelewa kusimama. Tazama tairi la nyuma la bodaboda wa mjini: kashata za katikati zimelika, za pembeni bado zina vinyweleo vya kiwandani. Kwa safari mseto, chagua kashata fupi zilizokaribiana katikati. Matope ya masika yatakusumbua kidogo, sikatai.